TAHARIRI: Satelite ERS-2 ilichungwa hadi siku yake ya mwisho. Nyiragongo nayo inachungwa na nani?

Tarehe 21 Februari 2024, saa moja na dakika 17 jioni kwa saa za Goma, satelite moja ya zamani, mali ya mataifa ya Ulaya, iliingia katika hewa ya dunia na kuteketea juu ya Bahari ya Pasifiki, kati ya Alaska na Hawaii. Hakuna aliyeumia, hakuna paa lililotobolewa. Goma habari hiyo haikupata nafasi. Siku hizo masikio ya wakaaji yalikuwa upande wa Sake, kwenye milio ya silaha.

Hata hivyo satelite hiyo, iliyoitwa ERS-2, haikuwa mgeni kwa mji wa Goma. Tangu mwaka 1995 ilikuwa ikipita juu ya Kivu, na picha zake za rada ni kati ya zile zilizosaidia wanasayansi kuelewa namna ardhi ilivyopasuka tarehe 17 Januari 2002, siku Nyiragongo ilipotapika moto hadi katikati ya mji. Kazi yake ilisimamishwa mwaka 2011, lakini ilifuatwa kwa miaka zaidi ya 12 mingine, ikiwa kimya kabisa, hadi dakika ilipoungua. Kuna somo hapo kwa wote wanaopaswa kuchunga mlima ule. Kuchunga si kazi ya siku ya hatari peke yake. Ni kazi ya kila siku, na pesa zake hutengwa kabla hatari haijaonekana.

Shahidi wa Januari 2002

ERS-2 ilirushwa tarehe 21 Aprili 1995 kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Uzito wake ulikuwa tani mbili na nusu hivi. Iliwekwa kwenye urefu wa kilometa karibu 785 na kuzunguka dunia kila dakika mia moja, ikipita karibu na ncha ya kaskazini na ile ya kusini. Kwa kuwa dunia nayo inajizungusha, satelite ya namna hiyo haibaki juu ya nchi moja. Iliyolipwa na Wazungu kwa ajili ya kuchunguza bahari, barafu na nchi kavu ilipita pia juu ya Masisi, Rutshuru na Ziwa Kivu.

Kamera ya kawaida haifai sana kwa milima ya Virunga, kwa sababu mawingu hayaachi kuifunika. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi wake, mchana au usiku, na mawingu hayaizuii. Wanasayansi huchukua picha mbili za rada za mahali palepale, moja ya kabla na nyingine ya baada, kisha huzilinganisha wimbi kwa wimbi. Ardhi ikiwa imeinuka au kuzama hata sentimeta chache tu, tofauti inaonekana.

Ndivyo ilivyofanyika kwa mlipuko wa 2002. Picha za ERS-2, pamoja na zile za RADARSAT-1 ya Canada, zilionyesha namna ardhi ilivyosogea kando ya nyufa zilizoshuka kilometa 20 hivi kutoka mlimani hadi Goma. Watafiti walihitimisha kwamba moto wa chini ya ardhi ulipenya katika sehemu mbili. Mpenyo mmoja ulikuwa karibu na uso wa ardhi, na huo ndio uliotoa lava iliyomeza nyumba. Mwingine ulikuwa mrefu zaidi, ukapita kilometa 3 hivi chini ya mji wenyewe na kuelekea chini ya Ziwa Kivu, ambalo lina gesi nyingi katika kina chake.

Mama muuzaji wa Birere aliyeona duka lake likimezwa hakuhitaji satelite kumwambia kwamba ardhi imepasuka. Lakini hakuna jicho la mtu lililoweza kuona ule mpenyo wa pili. Bila habari hiyo, mtu anaweza kufikiri kwamba hatari ya Goma inatoka juu tu, ikiteremka kama mto. Baada ya utafiti huo ilijulikana kwamba hatari inaweza pia kupita chini ya miguu ya watu waliolala.

Uzee uliopangwa

ERS-2 ilijengwa ili ifanye kazi miaka 3. Ilifanya 16. Miaka hiyo haikuwa ya afya tupu. Mwaka 2001 vyombo vyake vya kuisaidia kujua imeelekea wapi viliharibika, na wahandisi wakabuni namna ya kuiongoza bila vyombo hivyo. Mwaka 2003 vinasa vyake vya kuhifadhi data vikafa, na toka hapo habari za vyombo vyake kadhaa zilipokelewa tu wakati inapita mbele ya antena za ardhini. Dereva wa Fuso la barabara ya Walikale anaielewa hali hiyo: springi imefungwa kwa kamba ya mpira, taa moja imekufa, lakini mzigo unafika.

Tofauti ni kwamba wenye ERS-2 hawakungoja ifie njiani. Walikuwa wameona jambo la kuogofya. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kwenye urefu wa karibu kilometa 790, satelite ya simu ya Marekani, Iridium 33, iligongana na satelite ya Urusi iliyokwisha kufa, Kosmos 2251. Zote mbili zilivunjika na kuacha vipande vikubwa zaidi ya elfu moja vinavyoonekana kwa rada, bila kuhesabu vidogo. Kwa mwendo wa huko juu, hata kipande kidogo kinaweza kuharibu satelite nzima. ERS-2 ilikuwa ikizunguka karibu na urefu huohuo. Ingeachwa pale, ingebaki zaidi ya miaka mia moja ikiwa gari lisilo na dereva katika barabara ya watu.

Kwa hiyo katika Julai na Agosti 2011, wakati ilikuwa ingali inafanya kazi, Shirika la Ulaya la Anga za Juu, ESA, liliamua kuistaafisha. Injini zake ziliwashwa mara 66. Ikashushwa kutoka kilometa 785 hadi kilometa 573 hivi. Mafuta yaliyobaki yalimalizwa na betri zikakatwa, ili isije ikalipuka yenyewe baadaye. Tarehe 5 Septemba 2011 amri za mwisho zilikuwa zimekwisha kutumwa. Hesabu ilisema kwamba hewa nyepesi iliyoko kwenye urefu huo mpya ingeivuta chini kidogo kidogo na kuirudisha katika muda usiozidi miaka 15. Ilirudi kabla ya miaka 13 kutimia.

Ndugu yake mdogo, Envisat, hakupata mwisho kama huo. Envisat ilirushwa tarehe 1 Machi 2002, wiki sita tu baada ya Nyiragongo kutapika. Ilikuwa kubwa zaidi, tani 8 hivi, na nayo ilisaidia Kivu: picha zake ni kati ya zile zilizotumiwa kuchunguza tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lililobomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi. Ilipangiwa miaka 5, ikafanya 10. Kisha tarehe 8 Aprili 2012 ikanyamaza ghafla. Amri hazikujibiwa tena. Mpaka leo inazunguka kule juu, kimya, na hesabu zinaonyesha kwamba inaweza kubaki huko kwa miaka kama 150.

Shirika ni moja, wahandisi ni wa shule moja. Satelite ya kwanza iliachishwa kazi ikiwa na nguvu za kutii, na ya pili ilitumiwa mpaka ikapoteza sauti. Hasara ya uamuzi huo wa pili itabebwa na watu ambao hawajazaliwa.

Kufuata kitu kisichosema

Baada ya Septemba 2011, ERS-2 haikuweza kusema iko wapi. Kuifuata kulibaki kazi ya rada na darubini za ardhini. Ilikuwa na namba yake katika orodha ya vitu vya angani, kama gari lenye plaki, na kila mara ilipopita juu ya rada, njia yake ilipimwa upya. Kwa miaka 12 kazi hiyo haikuwa na kitu cha kupigia picha wala cha kutangaza. Ilikuwa hesabu tu, na mishahara ya watu wanaohesabu.

Hata hesabu hizo zina mpaka wake. Satelite ikikaribia hewa nzito, inategemea jua. Jua likichemka, hewa ya juu inavimba na kuivuta haraka zaidi. Likitulia, satelite inachelewa. Hata namna inavyojipindua katika kuanguka inabadilisha mwendo. Siku moja kabla ya mwisho, wataalamu wa ESA kule Darmstadt, Ujerumani, walikuwa bado na nafasi ya kukosea kwa saa kadhaa. Satelite iliyo karibu kuanguka inakwenda kilometa 7 na nusu kwa sekunde, kwa hiyo kosa la saa moja ni kilometa 27,000, zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia. Kwa lugha ya wazi: siku moja kabla, hakuna aliyejua itaanguka juu ya bara gani.

Watu wale walifanya jambo ambalo viongozi wengi huliogopa. Walitangaza hesabu zao pamoja na ukubwa wa mashaka yao. Walisema ni saa fulani, na inaweza kuwa saa kadhaa kabla au baada. Kila walipopata vipimo vipya walirudi kusema tena, na nafasi ya kukosea ikawa ndogo. Hawakungoja wawe na hakika ndipo wafungue kinywa, wala hawakujidai kujua wasichokijua. Mwishoni walitaja dakika yenyewe, wakiacha nafasi ya dakika moja tu.

Usiku wa Mei 2021

Mkaaji wa Goma akisoma hayo, lazima anakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mbingu ziligeuka nyekundu upande wa kaskazini. Wengine walikimbilia Gisenyi, wengine njia ya Sake, akina mama na godoro kichwani, vijana wakisukuma chukudu zenye mizigo na wazee. Wengi waliondoka kwa kuona tu, bila kusikia neno la mkubwa yeyote. Lava ilimeza vijiji vya wilaya ya Nyiragongo na kusimama karibu na Buhene, kwenye mlango wa mji. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Hapa haki inataka jambo moja lisemwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mlipuko huo haukutanguliwa na dalili zilizo wazi, kama zile zinazozoeleka kwa volkano nyingi. Hata kituo chenye vifaa vyote pengine kisingeweza kuutangaza siku kadhaa mbele. Kuwatupia lawama zote wataalamu wa Goma si haki.

Lakini ukweli wa pili hauwezi kufichwa na ule wa kwanza. Observatwari ya Volkano ya Goma, OVG, iliingia katika mlipuko huo ikiwa imedhoofika. Msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umefika mwisho mwaka 2020 bila kurudiwa, na kwa miezi mingi kabla ya mlipuko kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea habari kutoka mitambo iliyoko mlimani. Mtu hawezi kujua ni dalili gani zingeonekana katika miezi ambayo hakuna aliyekuwa akitazama vizuri.

Na siku zilizofuata zilionyesha thamani ya kutazama. Lava ilisimama baada ya saa kama sita, lakini ardhi iliendelea kutetemeka na nyufa zikakata barabara katikati ya mji. Mitambo ya matetemeko ya OVG na ya washirika wake wa Ubelgiji na Luxembourg, pamoja na picha za rada za satelite za Sentinel-1, warithi wa ERS-2 na Envisat, zilionyesha kwamba moto ulikuwa ukipenya chini ya Goma na chini ya ziwa, sawa na mwaka 2002. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliagiza mitaa 10 kati ya 18 ihamishwe. Maelfu kwa maelfu ya watu waliondoka. Mateso ya Sake na ya njia ya Minova yalikuwa makubwa, na mpango wa kuwapokea watu ulikuwa mdogo. Lakini agizo lenyewe lilitokana na vipimo. Bila mtu wa kusoma vipimo hivyo, mkuu wa jimbo angekuwa akiamua kwa kutazama moshi.

Mlima hauulizi nani anatawala

Mwaka 2002 Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Mwaka 2021 ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Kinshasa. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia mjini. Katika nyakati hizo zote Nyiragongo imebaki palepale, na hakuna bendera inayozuia lava. Anayeshika mji anashika pia wajibu wa kuacha wataalamu wafanye kazi yao. Anayedai kuwa serikali ya nchi nzima naye hawezi kusema kwamba mlima huu haumhusu kwa kuwa barabara imefungwa.

Jambo la kwanza ni pesa za kudumu. OVG ilianzishwa mwaka 1986. Kituo cha umri huo kisiishi kwa mradi wa miaka mitatu, kisha kingoje mradi mwingine. Mishahara ya watumishi, mafuta ya jenereta, intaneti, betri za vituo vya mlimani na walinzi wa kuzuia wezi wa betri hizo vinapaswa kuwa na mstari wao katika bajeti ya taifa, mstari unaolipwa kweli. Wafadhili nao, wanaopenda kukata utepe mbele ya kamera, wanapaswa kuahidi miaka ya kimya pia, ile miaka ambayo mlima hautoi habari.

Jambo la pili ni watu. Picha za Sentinel-1 zinatolewa bure kwa yeyote duniani. Lakini picha ya bure haijisomi yenyewe. Inahitaji kijana wa Goma au Bukavu aliyefundishwa, mwenye kompyuta, umeme na intaneti, anayeweza kuilinganisha na ile iliyotangulia na kupiga simu usiku huohuo. Na warithi hao nao huzeeka: Sentinel-1B iliharibika Desemba 2021, miezi saba tu baada ya kusaidia Goma, na nyingine ya kujaza nafasi yake, Sentinel-1C, ilirushwa Desemba 2024. Kwa miaka hiyo mitatu picha zilipungua. Nchi inayotegemea macho ya wengine peke yake inakuwa kipofu siku wengine wanapofumba.

Jambo la tatu ni kusema na wakaaji kwa wakati. Hilo linahusu mlima, na linahusu anga pia. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likachukua kipande hicho na kuwaeleza raia kwamba kimetoka katika chombo cha angani. Siku kitu kama hicho kikianguka Lubero au Shabunda, mwanakijiji atampigia nani? Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1972 yanasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa hasara kinayoleta ardhini. Canada ililipwa dola zake milioni 3 na Muungano wa Kisovieti baada ya satelite Kosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia, kuanguka huko mwaka 1978. Lakini hakuna anayelipwa bila kujua kilichomwangukia ni cha nani. Kinshasa inapaswa kutaja ofisi moja inayopokea maonyo hayo, na ofisi hiyo ijulikane hadi kwa chifu wa kijiji.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa watu wa Majengo, Virunga na Buhene hiyo si methali tu, kwani wameziona nyufa kwa macho. Hawaombi mtu awaambie siku na saa ya mlipuko ujao. Wanajua kwamba hata wataalamu wa Darmstadt, pamoja na rada zao zote, walibaki na mashaka hadi siku ya mwisho. Wanaomba kujua kwamba usiku huu, katika chumba kimoja pale Goma, kuna mtu aliyelipwa mshahara wake wa mwezi, mwenye umeme, anayetazama sindano ya mlima.